Wa kwanza kwao kufika chuo kikuu: nani ana kazi ya kumsaidia, na kwa nini huko si kubebwa

Kila mwaka ifikapo Oktoba, majina ya waliopata mkopo yakianza kutoka kwa awamu na mwaka wa kwanza wakianza kuripoti vyuoni, mabishano yale yale huibuka mitandaoni. Mmoja anauliza kwa nini chuo kiwe na semina, maofisa na nafasi kwa ajili ya wanafunzi fulani tu ilhali mtihani ni mmoja. Mwingine, mzazi aliyeko Kibondo au Namtumbo, anashangaa: mwanangu kapewa mkopo na serikali, sasa anataka asaidiwe nini tena? Katikati yao yuko mwanafunzi mwenyewe, ambaye mara nyingi hajui hata kama hizo ofisi zinazobishaniwa zipo.

Kelele hizi zinachanganya mambo matatu: kuingia chuo, kulipia chuo na kumaliza chuo. Kuingia kunasimamiwa na vyuo vyenyewe chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kulipia, kwa asiye na uwezo, ni kazi ya Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kumaliza hakuna bodi wala tume yake. Kumegawanywa vipande vipande kwa wafanyakazi wa chuo, kila mmoja na kipande chake, na hakuna tangazo la gazetini linalokuambia nani ana kipi. Makala hii inahusu hilo la tatu.

Huyu mwanafunzi ni nani

Mwanafunzi wa kizazi cha kwanza ni yule ambaye wazazi wake hawakusoma chuo kikuu. Marekani, ambako jambo hili limo kwenye sheria ya elimu ya juu tangu 1980, kipimo ni shahada: baba na mama wote wawili hawana shahada ya kwanza, au kama umelelewa na mmoja, huyo mmoja hana. Shangazi mwenye shahada hahesabiwi, hata kama ndiye aliyekulipia ada. Tanzania hatuna sheria inayomtaja mwanafunzi huyu, lakini ingia ukumbi wowote wa mihadhara ya mwaka wa kwanza, utakuwa umezungukwa naye.

Wengi humwona kuwa ni mtoto wa maskini tu. Mara nyingi ni kweli, ila si lazima. Mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeishia darasa la saba anaweza kulipiwa ada taslimu na bado akawa hana mtu nyumbani wa kumwambia krediti ni nini. Na mtoto wa mwalimu mwenye shahada huko wilayani anaweza kukosa nauli lakini akajua vizuri kabisa jinsi chuo kinavyoendeshwa. Pengo la fedha na pengo la taarifa hukutana kwa watu wengi, ila dawa zake si moja.

Kundi jingine linalotajwa kwenye mabishano haya ni wale ambao idadi yao chuoni ni ndogo kuliko sehemu yao katika nchi: wasichana kwenye uhandisi, wenye ulemavu karibu kila kozi, vijana wa jamii za wafugaji, wanaotoka wilaya ambazo shule yenye maabara ya kueleweka ni ya kutafuta. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye makundi yote mawili, na wengi wamo.

Kwa nini tunawasikia zaidi siku hizi? Fuata kalenda. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa Januari 2016. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwezi huo bila kurudia darasa alimaliza cha nne 2019, cha sita 2022, na mwisho wa mwaka huo akawa chuoni. Mwaka huo huo ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Tangu hapo vyuo vinapokea vijana ambao, kwa utaratibu wa zamani, baadhi yao wangeishia kulima au kuuza duka la mjomba. Mlango wa kuingilia umepanuliwa. Yaliyo ndani ya nyumba hayajapangwa upya kwa kasi hiyo hiyo.

Kinachokosekana si akili

Chukua watu wawili wanaoshuka stendi ya Mbezi usiku, wote wametoka mkoani, wote wana nauli ile ile mfukoni. Mmoja ana kaka Kimara aliyemwambia kabla hajapanda basi: ukishuka usimpe mtu begi, pita upande huu, panda gari hili, nauli yake ni hii. Mwingine hana mtu. Wa pili si mjinga, na magari yapo kwa wote. Lakini atalipa zaidi, atachelewa, na huenda akalala palepale stendi. Chuoni, kaka wa Kimara ni mzazi au ndugu aliyewahi kusoma chuo.

Anachoambiwa huyo mwenye kaka kinaonekana kidogo, mpaka ukikose. Sekondari, kengele inalia, mwalimu wa zamu yupo, na usipofika darasani mzazi anapigiwa simu. Chuoni hakuna kengele. Ratiba inabandikwa, vyumba vinabadilika kupitia kundi la WhatsApp la darasa, na mhadhiri anaweza kumaliza muhula mzima bila kujua jina lako. Sekondari, mtihani wa taifa ndio kila kitu. Chuoni, kwa utaratibu wa vyuo vingi, alama 40 kati ya 100 zinatokana na kazi za muhula, yaani majaribio, semina na kazi za kuandika, na 60 ndizo za mtihani wa mwisho, ule ambao kila mwanafunzi anauita UE. Anayekuja na mazoea ya kukesha wiki mbili kabla ya mtihani hugundua katika mwezi wa tatu wa muhula kwamba tayari amepoteza alama 25 ambazo hazirudi. Vipo vyuo ambavyo usipofikisha kiwango cha chini cha kazi za muhula, UE yenyewe huruhusiwi kuingia.

Halafu kuna GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zako zote, ambayo wazazi wengi huisikia siku ya mahafali. Shahada nyingi hapa kwetu hutumia mizani ya 5: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Lakini kozi hazilingani uzito. Kila moja ina krediti, yaani namba inayoonesha uzito wake, na pointi huzidishwa kwa krediti kabla ya kugawanywa. Mwanafunzi aliyepata C kwenye kozi ya krediti 12 na A kwenye kozi ya krediti 8 ana pointi 24 jumlisha 40, gawanya kwa krediti 20: 3.2. Akigeuza, A kwenye ile ya 12 na C kwenye ile ya 8, anapata 60 jumlisha 16, gawanya kwa 20: 3.8. Herufi ni zile zile mbili. Ya kwanza inaangukia daraja la pili la chini, ya pili ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Aliyeelezwa jambo hili wiki ya kwanza anajua pa kumwaga jasho lake. Aliyeligundua mwaka wa tatu anaanza kupiga hesabu za kukata tamaa, kwa sababu GPA ni ya miaka yote, ule wa kwanza ukiwemo.

Lipo pia suala la lugha, ambalo watu hulitaja haraka kisha wanalipita. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali alijifunza kwa Kiswahili miaka saba, akavuka kwenda Kiingereza kidato cha kwanza, na sekondari alizawadiwa kwa kutaja: taja sababu tano, taja faida sita. Chuoni swali linamtaka ajadili, naye anajibu kwa kutaja. Anarudishiwa karatasi yenye 11 kati ya 20 na haoni amekosea nini, maana kila alichoandika ni sahihi. Vivyo hivyo na kunakili. Madesa ya steshenari, yaani nakala za notsi za wengine, amesoma hivyo hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia kwamba kuweka aya ya mtu mwingine kwenye kazi yako bila kumtaja ni kosa linaloweza kukupeleka mbele ya kamati ya nidhamu.

Wahenga walituambia kuuliza si ujinga. Hawakusema aulizwe nani, ofisi ipi, saa ngapi.

Nani anafanya nini

Tuanze na mhadhiri, kwa kuwa ndiye anayeogopwa. Kufundisha ukumbini ni sehemu moja tu ya kazi yake. Nyingine ni kuonana na wanafunzi kwa saa alizozipanga, ambazo mara nyingi zimebandikwa mlangoni kwake au zimo kwenye ukurasa wa kwanza wa muhtasari wa kozi. Mwanafunzi aliyelelewa kuamini kwamba kwa mwalimu huendi mpaka umeitwa, tena umeitwa kwa kosa, hapiti hata kwenye korido hiyo. Mwenzake mwenye mzazi msomi anakwenda wiki ya pili na karatasi yake mkononi: naomba unioneshe nilipoteza alama wapi. Hilo si kujipendekeza. Ni haki yake, na mhadhiri analipwa kwa kazi hiyo.

Mshauri wa taaluma ni mhadhiri aliyepangiwa kundi la wanafunzi awafuatilie kimasomo: kozi za kuchagua, GPA, kama uhamie programu nyingine au ubaki. Kwenye karatasi karibu kila idara inaye. Katika hali halisi wapo wanafunzi wanaohitimu bila kumfahamu wao ni yupi. Ukitaka kumjua, katibu muhtasi wa idara ana orodha, na kusema kweli katibu muhtasi huyo ndiye kamusi ya chuo kizima. Anajua fomu gani inasainiwa na nani, mkuu wa idara yuko safarini hadi lini, na barua yako imekwama meza ya nani.

Mshauri wa Wanafunzi ni mtu mwingine kabisa, ingawa majina yanafanana na watu hujikanganya. Huyu ni kiongozi wa ofisi inayoshughulikia maisha nje ya darasa: hosteli, afya, misiba, nidhamu, serikali ya wanafunzi, ushauri nasaha. Umefiwa, umefukuzwa kwenye chumba cha kupanga, umejifungua katikati ya muhula, unalala njaa: mlango ni wake. Chini yake wapo washauri nasaha, ambao bahati mbaya wamepakwa tope kwamba wanaokwenda kwao wamechanganyikiwa. Wengi wanaokwenda wana mambo ya kawaida kabisa: hofu ya kusimama kuwasilisha mbele ya darasa, mpenzi, baba anayetaka hela ya bumu itumwe nyumbani.

Bumu lenyewe linahitaji kusemwa kidogo, maana hapa ndipo mzazi na mwanafunzi hukosana. Mkopo wa HESLB una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikia, mafunzo kwa vitendo na mengine kulingana na kozi. Ada huenda moja kwa moja chuoni. Cha kujikimu, shilingi 10,000 kwa siku, hutolewa kwa mikupuo, na ndicho wanafunzi wanachokiita bumu. Si kila mwenye mkopo anapata mafungu yote wala ada nzima. Kiwango hutegemea hali ya kaya kama ilivyothibitishwa kwa nyaraka. Yatima asiyehakiki cheti cha kifo cha mzazi kwa wakati RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, anaweza kuonekana kwenye mfumo kama mtoto mwenye wazazi wote. Afisa mikopo wa chuo ndiye daraja kati ya mwanafunzi na Bodi. Anajua jina lako lilipo, kama rufaa imefunguliwa, na kwa nini mwenzako kasaini kupokea fedha wewe bado. Sababu kubwa, hasa mwaka wa kwanza, ni usajili. Fedha hulipwa kwa mwanafunzi aliyethibitishwa na chuo kuwa amesajiliwa, na usajili nao unaweza kukwama kwa sehemu ya ada ambayo mkopo haujaifunika. Hapo mtoto anaingia kwenye mduara: hana usajili kwa kuwa hana hela, hana hela kwa kuwa hana usajili. Mduara huo haukatwi na kufunga na kuomba peke yake. Unakatwa na afisa mikopo, ofisi ya uhasibu na Mshauri wa Wanafunzi wakikaa meza moja, na kwa kawaida hawakai mpaka mtu awakalishe.

Wengine niwapitie kwa haraka. Mkutubi hakai pale kulinda vitabu tu. Anafundisha kutafuta makala za kitaaluma, kuziandika kama marejeo, na kuingia hazina za mtandaoni ambazo chuo kimeshazilipia. Kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kwa vyuo vilivyonacho, hupanga wakalimani wa lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu na muda wa ziada kwenye mtihani. Dawati la jinsia, ambalo serikali ilianza kulizindua vyuoni mwaka 2021, linapokea malalamiko ya unyanyasaji, ikiwemo rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, hata anayeitaka awe profesa wa namna gani. Na yupo CR, kiongozi wa darasa, ambaye si mfanyakazi wala halipwi, ila bila yeye taarifa hazifiki.

Je, huku ni kubebwa?

Hoja ya wanaopinga si ya kijinga na inastahili kujibiwa vizuri. Wanasema chuo kikuu ni mahali pa kupimwa, na ukimsaidia mmoja umemwonea mwingine.

Tofautisha mambo mawili. Lipo la kurekebisha njia ya kuingilia, na lipo la kusaidia waliokwisha kuingia. La kwanza Afrika Mashariki imelifanya kwa namna mbalimbali. Makerere, tangu 1990, iliwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa udahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata njia nyingine: wasichana waliokosa kwa kiasi kidogo nafasi ya kusoma sayansi waliitwa kwenye mafunzo ya awali, wakafundishwa, wakafanya mtihani, na waliofaulu ndio waliodahiliwa. Binafsi naiona hii ya pili kuwa bora, kwa kuwa inampa msichana kitu cha kuingia nacho darasani na inamfunga mdomo anayetaka kumnyooshea kidole.

Tunasahau pia kwamba utaratibu unaoonekana kuwa sawa kwa wote unaweza kuumiza upande mmoja bila mtu kukusudia. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, kisha ndipo waombe chuo kikuu wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kanuni ni moja kwa mvulana na msichana. Matokeo yake wasichana walipungua chuoni, kwa sababu katika miaka ile miwili wengi waliolewa na kuanza familia, na serikali ikalazimika kuwaondolea sharti hilo. Haikuwa kwamba akili za wasichana zilipungua mwaka 1974.

La pili, la kuwasaidia waliokwisha kuingia, haligusi alama. UE ni ile ile, inasahihishwa kwa mwongozo ule ule, na watahini wa nje hupitia kazi za wote. Kumweleza mtu krediti ni nini hakumpunguzii mtihani. Na usaidizi huu haumnyimi mwingine kitu: mtoto wa profesa naye akienda saa za kuonana na mhadhiri atapokelewa. Tofauti ni kwamba yeye hakuhitaji kuambiwa zipo.

Uvumi mwingine unaozunguka ni kwamba anayesaidiwa ni dhaifu. Linganisha na ufadhili unaojulikana kama Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye sayansi. Kwa kipimo chochote hawa ni wenye uwezo. Baadhi yao wanatoka shule za kata na nyumba zisizo na msomi, na wanafika chuoni wakiwa na A tatu na bila kujua mshauri wa taaluma ni nani. Akili zao hazina shaka. Ramani ndiyo hawana.

Mlango ulio wazi hautoshi

Vyuo vyetu vikilaumiwa hujibu kwamba ofisi zipo na milango iko wazi. Ni kweli. Shida ni kwamba mlango ulio wazi unamfaa anayejua kubisha hodi. Anayehitaji zaidi ndiye anayechelewa zaidi kuja, kwa aibu, kwa heshima iliyopitiliza, au kwa kudhani tatizo ni lake peke yake. Akija, keshashika sapu nne, yaani mitihani ya marudio ya kozi alizofeli.

Ushahidi ninaouamini zaidi kuhusu jambo hili unatoka New York. Vyuo vya miaka miwili vya chuo kikuu cha jiji hilo vilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP kwa wanafunzi wa kipato cha chini. Hakukuwa na muujiza ndani yake. Kila mwanafunzi alipewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, na kuonana naye mara kwa mara lilikuwa sharti, si hiari. Akapewa kadi ya nauli ya treni na basi, vitabu, na kilichopungua kwenye ada kikalipwa. Kwa upande wake alitakiwa kusoma muda wote na kuhudhuria. Watafiti waligawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje, ili isisemwe kwamba walichaguliwa wenye bidii. Baada ya miaka mitatu waliokuwa ndani walihitimu asilimia 40, waliokuwa nje asilimia 22. Mpango ulipojaribiwa kwenye vyuo vya jimbo la Ohio, tofauti ikawa ya namna hiyo hiyo.

Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichoko Atlanta, kilikwenda njia nyingine inayolenga shabaha ile ile. Kuanzia 2011 kilianza kulipia madeni madogo, aghalabu chini ya dola 1,000, ya wanafunzi ambao wangefutwa kwenye kozi kwa sababu hiyo tu, na mwaka uliofuata kikaweka mfumo wa kompyuta unaomwonesha mshauri nani kaanza kuteleza. Mshauri haketi kusubiri. Anapiga simu.

Yapo yanayoweza kuigwa hapa bila kusubiri wafadhili. Matokeo ya jaribio la kwanza yanafahamika wiki ya sita au ya saba. Idara inaweza kuwaita walioanguka wiki hiyo hiyo, kwa majina, badala ya kusubiri Seneti iketi baada ya UE na kutangaza nani kadisko, yaani kaondolewa masomoni kwa kufeli. Orodha ya ambao hawajakamilisha usajili ipo kwenye mfumo. Mtu anaweza kupewa kazi ya kuwapigia simu mmoja mmoja. Gharama yake ni vocha na muda wa ofisa.

Muda ndio penye ugumu, na hapa sitawalaumu wahadhiri peke yao. Ukumbi una wanafunzi mia kadhaa na mhadhiri mmoja, pengine na msaidizi aliyehitimu juzi. Mhadhiri hupandishwa cheo zaidi kwa machapisho. Anayekaa na wanafunzi mpaka magharibi akiwaelekeza kuandika aya moja yenye hoja hapati kwa hilo pointi anazopata mwenzake aliyefunga mlango akaandika makala. Matokeo yake kazi hii huangukia wachache wenye moyo, wengi wao wakiwa vijana au wanawake, na inakufa wanapohama. Chuo kinachotaka ifanyike kiiandike kwenye mkataba, kiipe saa, na kiipime wakati wa kupandisha vyeo. Kuiita wito ni njia ya kuipata bure.

Kwa mzazi na mwanafunzi wa sasa hivi

Mzazi asiyejua chuo hana sababu ya kuona haya. Maswali matatu kwa simu yanatosha kumsogeza mtoto: umesajiliwa tayari? Mshauri wako wa taaluma anaitwa nani? Jaribio la kwanza umepata ngapi kati ya ngapi? Akibabaika kwenye la pili, mtume akaulize idarani kesho yake. Swali la "unasoma?" halina faida, maana jibu lake ni ndiyo siku zote.

Kwa mwanafunzi, tahadhari iliyo kubwa kuliko zote inahusu kutoweka. Kuugua, kuuguza, kukosa ada au kufiwa hutokea, na kanuni za vyuo zinalijua hilo. Unaweza kuomba kuahirisha mtihani au kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka, kwa barua inayopitia kwa mkuu wa idara na kwenda juu kwa amidi (mkuu wa kitivo au shule) au rasi wa ndaki, ikiwa na uthibitisho kama cheti cha hospitali. Ikikubaliwa, mtihani ulioahirishwa unaufanya kama mtihani wa kwanza, kwa alama zote, tofauti na sapu, ambayo vyuo vingi vina ukomo wa C hata ukijibu kila kitu. Lakini anayeondoka kimya, akidhani ataeleza akirudi, kwa vyuo vingi anahesabiwa kuwa ametoroka mtihani, na adhabu yake ni kuondolewa masomoni. Nakala ya barua ya kuahirisha ipelekwe pia kwa afisa mikopo, ili mkopo usimamishwe rasmi na ufufuliwe ukirudi. Barua hiyo ina maana ikifika kabla ya mtihani. Kama uko hospitalini na huwezi kuandika, CR au ndugu anaweza kuifikisha taarifa idarani siku hiyo hiyo, vielelezo vikafuata.